Samaki wa rangi kwenye Minecraft: wacha ndoana, beba ndoo

Mpwa wangu alikuja kwangu Umoja likizo ya Agosti na begi moja la nguo, kitabu cha kazi ya likizo ambacho hakuwahi kukifungua, na shida moja tu kichwani: anataka aksolotli wake wawili wazae. Kama humjui aksolotli, ni yule mnyama wa kama mjusi aliyenyeshewa, ana vitu kama manyoya hapa kando ya shingo, aliingia kwa Minecraft, ile gemu ya kujenga dunia kwa matofali, mwaka wa 2021 na watoto wanampenda kuliko hata farasi. Sasa akaniambia, anko, hawa hawazai mpaka uwalishe samaki wa rangi, wale wa bahari ya joto, na mimi sijui wanapatikana wapi. Mi nikajiona fundi. Nikamwambia hiyo ni kazi ya dakika kumi, kaa hapo uone, nikachukua vijiti 3 na nyuzi 2 za buibui nikatengeneza fimbo ya kuvulia, nikasimama ukingoni mwa mto nikaanza kurusha ndoana.

Nilivua jioni nzima bana. Nilitoa samaki aina ya kodi, nikatoa salmoni, nikatoa kiatu kimechakaa, nikatoa bakuli, nikatoa bunju, na mtoto ameketi hapo kando ananiangalia venye watu huangalia fundi wa mfereji ambaye maji bado yanavuja. Kumbe hesabu yenyewe ilikuwa imenikataa kutoka mwanzo: kwa hiyo fimbo kama haijatiwa uchawi wowote, asilimia 85 ya vitu unavyovuta ni samaki, na katika hao samaki, wa rangi ni asilimia 2 peke yake. Yaani kama mara moja katika kila mara 59 hivi. Nilipokuja kumpata, saa tatu usiku, nikampelekea aksolotli kwa mbwembwe, nikabonyeza, hakuna. Nikabonyeza tena. Ananiangalia tu na hayo macho yake.

Hapo ndio nikajifunza kitu ambacho ukishakielewa hii yote iliyobaki ni mteremko. Samaki wa ndoana ni maiti. Ni chakula, kitoweo, kitu cha mfukoni. Aksolotli anataka samaki aliye hai, na njia ya kumbeba samaki akiwa hai kwa Minecraft ni moja, ndani ya ndoo ya maji. Kwa hivyo kama umekuja hapa kutafuta mbinu za kuvua kwa fimbo, pole, weka hiyo fimbo kwa sanduku ufunge.

Na yule maiti usimtupe, ila usitarajie makubwa. Ukimla anakupa nusu tu ya kipande kimoja cha njaa, na hapikiki, jiko la gemu halimtambui kabisa, hakuna cha kukaanga wala cha kupaka nazi. Paka pia hamfugi naye, paka anataka kodi au salmoni mbichi. Mtu pekee anayemthamini ni yule mvuvi wa kijijini akishapanda daraja, yeye hununua 6 kwa zumaridi 1.

Sasa ndoo. Ndoo moja ni vipande 3 vya chuma kilichoyeyushwa, unavipanga kwa meza ya kazi kama herufi V. Mtu mvivu hubeba ndoo moja, anasafiri safari yote hiyo, anarudi na samaki mmoja, halafu anagundua aksolotli ni wawili na kila mmoja lazima ale wake. Beba angalau 5. Ndoo 5 ni vipande 15 vya chuma, na makaa ya mawe moja huyeyusha vipande 8, kwa hivyo makaa 2 yanatosha na joto linabaki. Na kuna kitu kidogo hapa watu hawakijui kinawamalizia nafasi: ndoo tupu zinapandana mpaka 16 kwa nafasi moja, lakini ndoo yenye maji inakaa peke yake. Kwa hivyo usijaze maji nyumbani. Nenda nazo tupu, utachota huko huko baharini, si bahari yenyewe ni maji?

Lakini lazima uchote kwanza, hapo nisisitize. Watu wanajaribu kumshika na ndoo tupu, gemu inachota maji, samaki anateleza anaenda zake, wanasema gemu ni mbovu. Utaratibu unaofanya kazi popote ni huu: ndoo tupu, kliki ya kulia kwa maji, imekuwa ndoo ya maji, sasa hiyo ya maji ndiyo unamwelekezea samaki na kubonyeza kliki ya kulia tena. Mimi natumia laptopu ndio maana nasema kliki ya kulia. Wa simu, ni kile kitendo unachotumia kumkamua ng'ombe, ni hicho hicho.

Mahali pa kumpata sasa, na hapa ndipo muda wako mwingi utaenda.

Bahari za Minecraft haziko sawa. Tangu toleo la 1.13, lile lililotoka tarehe 18 Julai 2018 likageuza bahari yote, kuna bahari ya barafu, ya baridi, ya kawaida, ya vuguvugu na ya joto, na samaki wa rangi anazaliwa kwa hizo mbili za mwisho. Ya joto ndio bora. Ukiifikia utajua bila kuambiwa, maji yanakuwa na ule ukijani wa Watamu, chini ni mchanga mweupe, na matumbawe ya pinki, ya njano, ya buluu yamesimama kama mji. Ya vuguvugu rangi yake ni buluu hafifu, ina mchanga pia lakini haina matumbawe, ina ile mimea mirefu ya baharini inayopanda kutoka chini mpaka karibu na juu. Hiyo mimea kwa bahari ya joto haimei, kwa hivyo ukiona inaanza kupotea na maji yanazidi kung'aa, endelea mbele hapo hapo, usigeuze mashua.

Ukiona maji meusi-meusi kama ya bwawa la Nairobi Dam, rudi.

Mbinu yangu ya kutafuta ni jangwa. Kwa dunia zilizotengenezwa kuanzia toleo la 1.18, joto la bahari linafuatana na joto la nchi kavu iliyo karibu, kwa hivyo usizunguke ovyo, tafuta jangwa, ufuate mpaka ufuo wake, na hapo mbele kuna uwezekano mkubwa wa bahari ya joto au ya vuguvugu. Kama kwenu ni theluji na misonobari basi jipange, una safari ndefu, beba kitanda na mkate. Kwa Java, lile toleo la kompyuta, ukibonyeza F3 kuna mstari unakuandikia uko kwa mazingira gani, ukiona warm_ocean umefika. Na kama hamjali mambo ya kucheza kihalali, andika /locate biome warm_ocean na gemu inakupa namba za mahali, lakini kwa toleo la simu ukishawasha hizo amri dunia hiyo haikupi tena zawadi za mafanikio. Mpwa wangu alikataa. Alisema hiyo ni kuiba mtihani. Huyu mtoto akijua kitabu cha likizo kilivyo kitupu sijui angesema nini.

Tukatembea basi. Mbao 5 zinatoa mashua, ukishuka mto mpaka baharini na mashua ni haraka kuliko kuogelea. Andika namba za nyumbani kwenu kabla ya kuondoka, andika kwa karatasi kabisa, mimi huandika nyuma ya risiti ya supamaketi, juu ukishafika huko na ndoo zimejaa na hujui nyumbani ni upande gani utalia. Sisi laptopu yetu betri ilishakufa kitambo inategemea ukuta, na stima ya kwetu ina tabia zake, kwa hivyo kila baada ya muda nilikuwa nabonyeza Esc ijihifadhi. Ilipotea mara moja tukiwa katikati ya maji, tukakaa gizani na mshumaa tunabishana kama samaki watakuwa bado hapo.

Walikuwepo, hao au wengine. Kumbuka samaki wa porini ukienda mbali naye gemu inamfuta, halafu wengine wanazaliwa. Kwa hivyo usimwone mmoja mzuri ukasema utamrudia kesho. Kesho hayupo. Lakini akishapita kwa ndoo yako hata mara moja, hafutiki tena, hata umwachilie uende mbali urudi baada ya wiki, utamkuta.

Kumshika kwenyewe. Samaki wa rangi ni mdogo na ni mwoga, ukimsogelea anakimbia, na wanaenda kwa makundi ya waliofanana. Ukianza kumkimbiza yule wa mbele utazunguka na matumbawe mpaka pumzi iishe. Dawa yake ni kumpeleka pembeni. Angalia kundi liko wapi, zunguka ulisukume kuelekea ukuta wa matumbawe au ufuo wenye kina kifupi, wakishabanwa wanapindapinda hapo hapo, na hapo ndio unasogea. Mkono uwe tayari na ndoo ya maji, usiogelee na upanga mkononi. Hili nalisema kwa uchungu. Samaki huyu ana uhai wa 3 tu, moyo mmoja na nusu, ngumi 3 anakufa, upanga wa chuma pigo moja. Mara ya kwanza mpwa wangu alipombana mmoja wa rangi ya chungwa na milia myeupe, mzuri ajabu, kidole kikateleza kikabonyeza kushoto badala ya kulia, na upanga ndio ulikuwa mkononi. Wekundu kidogo kwa maji, kimya, halafu kitoweo kinaelea. Alikaa dakika tano bila kuniongelesha, kana kwamba mimi ndiye nilimuua.

Pumzi unayo ya sekunde 15, vile viputo vinaanza kupasuka moja moja juu ya njaa yako. Bahari ya joto kwa kawaida si ya kina sana kwa hivyo mimi naona hakuna haja ya mambo makubwa, unazama, unasukuma kundi, unapanda kuvuta hewa, unazama tena. Ukiwa na kofia ya gamba la kasa inakuongezea sekunde 10. Dawa ya kupumua majini ni dakika 3, na kiungo chake ni bunju, yule samaki anayevimba, ambaye pia anakaa kwa bahari hizi hizi, ukimsogelea anavimba anakutia sumu. Watu wa Pwani hawahitaji kuelezwa kuhusu bunju, hata yule wa kweli anaua. Mwache apite, kama unamtaka kwa dawa ulishampata kwa ile fimbo yako.

Usiku toka majini. Kuna zombi wa baharini, wengine wana mkuki wa ncha tatu na wanalenga vizuri kuliko unavyodhani. Mchana wanakuacha ukiwa nchi kavu lakini ukiwa ndani ya maji wanakufuata hata mchana, kwa hivyo ukisikia ule mgurumo wa mtu anayesukutua maji, panda mashua.

Halafu ukishabonyeza ukampata, ndoo inabadilika, unaona kichwa cha samaki kimechomoza juu, na ukiielekezea kishale inakuandikia huyo ni nani. Hapa sisi tulipoteza nusu siku. Kuna maumbo 12, mwili unaweza kuwa na rangi 16, na mapambo rangi 16, zidisha mwenyewe uone: samaki 3,072 tofauti. Kati yao kuna 22 wenye majina kamili yaliyochukuliwa kwa samaki wa kweli, na kwa Java, 9 kati ya kila 10 utakaokutana nao baharini wanatoka kwa hao 22. Yule mmoja aliyebaki ni bahati nasibu, anaweza kuwa wa rangi ambazo hakuna mtu mwingine mtaani kwenu amewahi kuona. Kama unakusanya kwa ajili ya tangi, hao ndio wa kutafuta, wa majina watakuja wenyewe.

Nilimpigia mathe picha za skrini nikamtumia, yeye yuko Malindi, amekula samaki kila siku ya maisha yake. Akanipigia simu. Huyu wa buluu ni kangaja, akasema, huyu mwenye mdomo wa kasuku ni pono, huyu kikande, na huyu wanaosema ni mkundaji mbona hana ndevu? Nikaangalia, kweli, mkundaji wa gemu hana zile ndevu mbili za kidevuni anazofukulia mchanga. Wamempa umbo la samaki yeyote wakampaka rangi. Akaniuliza pia pono wao hulala saa ngapi, nikamwambia hawalali, wanaogelea usiku na mchana. Alicheka sana. Pono asiyelala! Sisi tuliolelewa na "umelala usingizi wa pono" kila asubuhi ya shule, na yule wa kweli usiku hujifunika utando wa ute kama neti ya mbu akazimika kabisa mpaka asubuhi.

Na kuna mmoja kwa hiyo orodha ya 22 anaitwa cichlid, anaogelea humo kwa chumvi pamoja na wenzake wa matumbawe. Hilo ni jina la ukoo wa tilapia, yule yule wa Kisumu unayemnunua Gikomba. Sijui alifuata nini huko.

Wale wa matumbawe kwa kweli wapo kwetu hapa, kwa hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilizotengwa tangu 1968, na huko ndoo hairuhusiwi, unaangalia tu na miwani ya maji. Nilimwambia mpwa wangu nitampeleka. Sasa ananidai, treni ya Mombasa, matatu mpaka Watamu, mashua ya vioo chini, ameshapiga bajeti.

Turudi kwa kazi. Una ndoo zako 5 zimejaa, unarudi nyumbani, usizimwage njiani. Ukibonyeza kulia chini kwa bahati mbaya, samaki anamwagika na maji, na ukichota maji kabla ya kumchota yeye anabaki juu ya nyasi anarukaruka. Hapo una muda mfupi sana. Chukua ndoo yenye maji, mwagia pale pale alipo, aogelee, halafu uchukue ndoo nyingine ya maji umchote. Ndio maana nilisema usibebe ndoo moja.

Kulisha aksolotli ni rahisi mpaka inaudhi ukikumbuka safari. Shika ndoo ya samaki, mwelekezee aksolotli mmoja, bonyeza, mioyo inatoka. Ndoo inabaki na maji, samaki ameliwa. Mwelekezee wa pili na ndoo ya pili. Wanasogeleana, mtoto anatokea. Wazazi wanapumzika dakika 5 kabla ya kuweza tena, na mtoto anakua kwa dakika 20, ukitaka awahi mlishe ndoo zaidi, lakini mimi naona ni hasara, samaki wa kutoka jangwani kuja kukuza mtoto ambaye angekua mwenyewe ukiwa unakunywa chai? Mtoto anachukua rangi ya mzazi mmoja, isipokuwa ile bahati ya 1 kwa 1,200 anapotoka wa buluu. Usikimbize wa buluu. Piga hesabu ya ndoo, kila jaribio ni samaki wawili, utamaliza bahari.

Kwa wanaouliza kama kuna njia ya mkato, zipo tatu. Moja ni mchuuzi msafiri, yule wa kanzu ya buluu na llama wawili anayetokea tu hapo kwako bila kuitwa kama mtu wa masufuria, mara nyingine anauza ndoo yenye samaki wa rangi tayari kwa zumaridi, akiwa naye nunua bila kubargain, na hata hivyo haiwezekani kubargain. Ya pili ni kinamasi cha mikoko, kiliingia na toleo la 1.19 mwaka 2022, samaki hawa wanazaliwa kwa yale maji ya matope katikati ya mizizi, ni vigumu kuwaona lakini hakuna kina kwa hivyo hawana pa kukimbilia. Ya tatu ndiyo iliniuma zaidi kuijua nikiwa nimeshachelewa: mapango ya majani, yale yenye mizabibu inayowaka na udongo wa mfinyanzi chini. Aksolotli mwenyewe anazaliwa huko. Na samaki wa rangi pia anazaliwa huko, kwa vidimbwi vya huko huko. Yaani mpwa wangu alipowatoa aksolotli wake pangoni likizo ya Aprili, chakula chao kilikuwa kinaogelea pale pembeni, hakuwa na ndoo ya ziada. Ukiona juu ya ardhi mti mdogo wenye maua ya pinki na mizizi ya udongo, chimba kwenda chini, pango liko hapo.

Tangi sasa, kama umebakisha samaki wa kutazama. Vioo, udongo wa mchanga chini, jaza maji, mimina samaki. Gemu haijali ukubwa, hata tangi la tofali moja anaishi, ingawa ni kumtesa. Matumbawe ukiyavunja na sururu ya kawaida yanakufa, kuyatoa yakiwa hai unahitaji sururu yenye uchawi wa Silk Touch, na hata hivyo ukiyaweka mahali pasipogusa maji yanageuka kijivu na hayarudi. Taa za ndani tumia vile vitu vya kijani vya sakafuni baharini vinavyofanana na vidole, kimoja kinatoa mwanga wa 6, vinne pamoja 15, usiku tangi linawaka lote.

Sisi tulitengeneza letu ukutani, samaki watatu, mmoja wa bahati nasibu, zambarau na mapambo ya kijani, tukampa jina la mathe. Mtoto akauliza kama aksolotli anaweza kukaa nao, maana peke yake kwa shimo lake anaonekana mpweke, na mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali nikajibu tu bila kufikiria, ndio, si wote ni wa majini. Tulipomaliza kula tukarudi. Tangi lilikuwa linawaka vizuri, matumbawe yote hai, na aksolotli mmoja ndani anaogelea taratibu. Samaki hata mmoja hakuna. Huyo hawindi tu zombi wa baharini, anawinda kila samaki anayemwona, asubiri dakika 2 baada ya kuua mmoja halafu amfuate mwingine, na sisi tulikuwa tumekula kwa nusu saa.

Watenge na kioo katikati. Sisi tulirudi jangwani na ndoo 8.